Mambo ya Nyumbani: Kijiti cha Saa Hakivutwi kwa Nguvu

Askari aendaye zamu ya usiku huitazama saa yake kabla ya kufunga mkanda. Simu za mkononi zimeenea, lakini saa ya mkono ingali na heshima katika nyumba za askari mjini Kampala, hasa ile ya mashine ambayo mzee aliinunua alipokuwa kazini na sasa huvaliwa na mwanawe. Saa ya namna hiyo haifi kwa uzee peke yake. Huweza kuharibiwa siku ya matengenezo, pale mtu mwenye haraka akishikapo kichwa cha ufunguo na kukivuta kwa nguvu.

Waswahili husema saa hutiwa ufunguo, na usemi huo una asili yake. Saa za mfukoni za zamani zilikuwa na ufunguo wa mbali, nao ukipotea saa haikutiwa. Fundi Mfaransa Adrien Philippe alibuni njia ya kukaza kamani kwa kichwa kilichoungana na saa yenyewe, akapewa hataza mwaka 1845. Kazi ya ufunguo ikawa ya kijiti chembamba cha chuma kitokacho katika kichwa hicho hadi ndani ya mashine.

Katika saa nyingi mashine haiwezi kutoka katika kasha lake maadamu kijiti kimo ndani. Nacho hushikwa na komeo dogo liingialo katika mfuo wake. Avutaye bila kulifungua komeo hukivunja kijiti, au hulipinda komeo lenyewe.

Kifuniko cha nyuma kikisha kufunguliwa, fundi hutazama karibu na mahali kijiti kiingiapo. Katika saa nyingi za zamani ataona skrubu ndogo. Hiyo hulegezwa mzunguko mmoja au miwili tu, huku mkono wa pili ukikivuta kichwa taratibu mpaka kijiti kitoke. Skrubu ikifunguliwa mno, komeo huanguka chini ya uso wa saa, na fundi hulazimika kuitoa mishale na uso wenyewe ili alirudishe. Katika saa nyingine hakuna skrubu, bali kitone cha kubonyezwa kwa ncha nyembamba. Kitone hicho hubonyezwa kidogo tu. Kisipoonekana, kichwa husogezwa ndani au nje hadi kijitokeze.

Kukirudisha kijiti kunahitaji subira ileile. Huingizwa huku kikizungushwa polepole, mpaka sehemu yake ya pembe nne ikutane na tundu la gurudumu lake. Kikigoma, kisisukumwe kwa nguvu. Baada ya komeo kufungwa, kichwa hujaribiwa: kikivutwa kigeuze mishale, kikirudishwa kisitoke.

Kijiti kilichovunjika au kuliwa na kutu kisitupwe. Kijiti kipya huja kikiwa kirefu na hukatwa kwa kipimo cha kile cha zamani. Kikizidi urefu, kichwa hakitakaa ubavuni mwa kasha, na maji ya mvua yatapata njia.

Si lazima kila mwenye saa awe fundi. Asiye na bisibisi ndogo, kibano na lenzi ya kukuzia ni heri aipeleke saa kwa mafundi waketio katika baraza za maduka ya mjini. Lakini yafaa aulize mapema kama kijiti kitatolewa, na aombe arudishiwe kipande cha zamani. Fundi mwema hachukizwi na swali hilo.

Saa iliyorithiwa haina badala dukani. Pole pole ndio mwendo, na katika kazi ya saa mwendo huo huanzia kwenye komeo dogo ambalo mwenye haraka halioni.