Tuupe Alama Mti Ulio Hai

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Mtaala wa umilisi, ulioingia madarasani kote Kenya mwaka 2019, umeyapa mazingira nafasi tangu madarasa ya chini. Ni jambo la kupongezwa. Lakini je, somo hilo linafika nyumbani?

Huko Meru na Embu, mito ya Kathita na Rupingazi hutoka Mlima Kenya. Mababu walijua kwamba mugumo haukatwi ovyo, na wazee wa Njuri Ncheke wa Meru walilinda misitu mitakatifu kwa miiko na faini. Leo mtoto hufundishwa kutunza maji, kisha jioni hupita mtoni penye mikaratusi ya babake, inayoyanywa maji yayo hayo. Miche nayo hupandwa kwa shangwe mbele ya wageni. Shule zikifungwa Agosti na mvua haipo, nani huimwagilia?

Rai yetu ni hii: mwanafunzi apewe alama kwa mti ulio hai baada ya mwaka mzima, si kwa kuchimba shimo. Mzee wa kijiji aalikwe darasani, na wazazi waje kumsikiliza, aeleze sababu ya miiko ile. Wenye elimu hiyo wanapungua. Tusingoje kuwazika nayo.