Kabla mbogi yenu itume doh ya Diani

Kuna poster inazunguka kwa kila group ya WhatsApp hapa Shauri Moyo tangu Septemba. Unaijua tu. Ngamia kwa mchanga mweupe, maji ya bluu hadi inakaa imepakwa rangi, halafu maandishi makubwa: Diani, siku 4 usiku 3, SGR kwenda na kurudi, hoteli, chai ya asubuhi na supper, kuanzia 18,900 kwa mtu mmoja. Lipa pole pole.

Mbogi yetu ni wasee wanane. Tumekuwa tukiweka soo tano kila wiki tangu Mei, bila mchezo. Kufika katikati ya Desemba kila mtu atakuwa na 16,000. Fanya hiyo hesabu na poster pamoja utaona shida iko wapi. Pakeji inataka 2,900 juu ya kila mtu. Sita kati yetu wanaweza kujikuna wapate. Wawili hawawezi. Mmoja anabeba mizigo Gikomba na siku mvua ikinyesha hakuna kazi, na mwingine duka alilokuwa ameandikwa lilifungwa Agosti. Kwa hivyo watu wakisema kwa group "si tuchukue tu pakeji tuache stress," mimi nasikia "si tuwaache hao wawili."

Ndio maana nilikaa chini na kalamu.

SGR ni 1,500 economy tangu Januari 2024, kabla ya hapo ilikuwa thao moja. Kwenda na kurudi ni 3,000, na hiyo bei ni ile ile ukinunua mwenyewe kwa simu ama ukinunuliwa na ajenti. Nyumba ya vyumba vinne Diani, yenye jikoni na friji, tumeitiwa 14,000 kwa usiku kwa tarehe tunazotaka, kabla ya ule wazimu wa wiki ya Krismasi. Usiku tatu ni 42,000, gawa kwa wanane, 5,250. Chakula nimeweka 800 kwa siku, siku nne, 3,200. Tutanunua samaki na unga Ukunda tupike, na siku moja tukule nje. Usafiri wa upande wa Mombasa nimeweka thao moja kwenda na kurudi. Likoni wanaotembea kwa miguu hawalipi feri, halafu ukivuka unapanda mathree ya Ukunda. Kufika Syokimau na kurudi mtaani, 400. Na kwetu hiyo ni rahisi kuliko watu wa Westlands, maana unashuka tu na Landhies Road kwa mguu, unapita Muthurwa, unafika steni ya reli tao na kuna treni ya kuunganisha na SGR.

Jumla ni 12,850. Inabaki zaidi ya 3,000 kwa kila mtu ya kupanda boti, ama kuenda Wasini kuona pomboo. Na hao wasee wawili wanaingia kwa treni.

Tofauti ni 6,050 kwa kichwa. Kwa wanane ni 48,400. Buda, hiyo ni doh.

Sasa, kuna vitu poster haisemi na sitaki kuzipitia haraka, kwa sababu hapa ndio watu wengi hukamatwa. Neno "kuanzia" ndio la kwanza. 18,900 ni bei ya hoteli ya mwisho kwa ile orodha, ile iko mbali na bahari. Ile ya kwa picha iko na bei yake. Halafu kuna "mkishare." Mkiwa wanane mnagawana wawili wawili ni sawa, lakini mmoja akitoka dakika ya mwisho, anayebaki peke yake kwa chumba anaongezwa pesa. Lunch haiko. Soda haiko. Ukiwa kwa hoteli ya ufuo, soda moja utaiona kama ni perfume.

Lakini kubwa kuliko zote ni saa. SGR iko na treni ya usiku inatoka Syokimau saa nne, inafika Miritini kabla hata jua litoke. Hoteli nyingi hazikupatii chumba mpaka mchana, saa nane hivi. Hesabu: kutoka alfajiri mpaka saa nane mchana mko wapi? Mko kwa sofa ya mapokezi, na mabegi, na macho mekundu, mnaangalia wazungu wakikula mayai. Na siku ya kurudi mnatolewa kwa chumba asubuhi, treni ni saa nne usiku, mko tena kwa sofa. Kwa poster hizo zote zimeitwa siku nzima. Kuna pakeji zingine hata usiku wa ndani ya treni umehesabiwa kama usiku wa hoteli. Uliza hilo swali kwa maandishi: tunatoka na treni ya saa ngapi, na tunaingia chumba saa ngapi? Ajenti mzuri atakujibu straight. Mwingine atakutumia tu zile emoji za nazi.

Hapo mtu atasema napiga vita maajenti. Zi. Ngoja.

Kuna kitu pakeji inauza ambayo si kitanda wala treni. Inauza mtu wa kupigiwa simu mambo ikiharibika. Angalia hawa watu wa meli za kifahari kule Marekani. Meli inatoka Miami saa fulani, na haingojei mtu. Ukijinunulia ndege yako ya bei rahisi na ichelewe, meli imeenda na hiyo ni shida yako na mifuko yako. Ukinunua ndege kupitia kampuni ya meli yenyewe, mara nyingi unalipa zaidi na hauchagui saa, lakini ndege ikichelewa ni kazi yao kukufikisha, hata kama ni kukupeleka ukutane na meli kwa bandari inayofuata. Kwa hivyo ile doh ya juu iko na kazi. Ni ya kulala usingizi.

Ama chukua Uingereza. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni ya safari ya Thomas Cook ilianguka, kampuni ya miaka 178, na Waingereza kama 150,000 walikuwa nje, wengine kwa ufuo wakiota jua. Serikali yao ilikodisha ndege ikawarudisha wote nyumbani. Na wale walikuwa wamelipia pakeji ambazo hazijafika, kulikuwa na mpango wa ulinzi, unaitwa ATOL, wa kuwarudishia pesa. Hiyo kitu ilianza miaka ya sabini. Yaani huko ukilipia pakeji kuna sheria imekaa nyuma yako.

Sasa rudi Nairobi uulize ajenti wako: nikikulipa leo na ufunge ofisi kesho, nani ananirudishia? Hapo ndio utajua kama 6,050 inanunua usingizi ama inanunua poster.

Si ati hapa hakuna kitu. Kampuni za safari zinafaa kuwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority, ni sheria. Kuna pia KATO, chama cha kampuni za safari, ambacho kiko na dhamana ya kulinda wateja wa wanachama wake. Kwa hivyo uliza namba ya leseni, uliza kama ni wanachama, halafu usiamini nembo iko kwa poster, mtu yeyote anaweza kuibandika. Piga simu huko uthibitishe. Na wakati wa kulipa, angalia jina linalotokea kwa M-Pesa kabla uweke PIN. Kampuni ikiwa inaitwa hivi na jina linalokuja ni la jamaa mmoja binafsi, simamisha hapo hapo. Mtaani kwetu kuna familia ililipia safari mwaka jana kidogo kidogo mpaka ikaisha, na wiki ya kusafiri simu ya ajenti ikawa imezimwa. Walienda kwa ile ofisi wakapata inauza wigi.

Kwa hivyo kama ajenti ako na leseni, ako na dhamana, anajibu maswali ya saa, na bei yake imezidi yako kidogo tu, mimi siwezi kukucheka ukimchukua. Kwa mathe wangu hata nilisema wachukue. Chama yao ni wamama kumi na wanne, wengine magoti yameisha, na hakuna vile nitawaambia washuke Miritini watafute mathree ya Likoni, wasukumwe kwa ule umati wa feri, wapande ingine ya Ukunda na mabegi kichwani. Wao wanataka basi liwangoje steni, mtu ameshika karatasi yenye jina la chama, na chai iwe tayari. Hiyo ndio raha yao na wameitafutia pesa. Nilimwambia tu, "Mathe, mkiwa kumi na wanne mko na nguvu, ulizeni kiongozi wa kundi analipa ngapi." Akanijibu, "Wewe unadhani hatukuanza na hilo?"

Lakini sisi ni miaka ishirini na kitu. Magoti iko.

Na nitasema kitu moja watu hawapendi kusikia kwa group. Wengi wetu tunataka pakeji kwa sababu tunaogopa. Wanne kati ya hao wanane hawajawahi kuona bahari. Mtu wa Eastlands akifikiria Diani anafikiria getini kuna soldier atamwangalia viatu. Ukiwa na pakeji unahisi uko na ruhusa. Naelewa. Lakini ufuo wa Diani ni wa umma, unaingia kwa njia za kupita kati ya hoteli bila kulipa mtu, na ukiwa Mkenya hoteli nyingi ziko na bei ya wakaaji, ya chini kuliko ya wageni, ambayo unaweza kuuliza mwenyewe kwa simu. Kwa Kiswahili. Hakuna ruhusa mtu anakuuzia.

Kujifanyia pia iko na mashimo yake, nisiwadanganye. Tiketi za SGR Desemba huisha kama mandazi ya asubuhi. Zikiisha, usinunue za mtu amesimama nje ya steni, kwa sababu tiketi ina jina na namba ya kitambulisho na wanaangalia. Kwa hivyo treni kwanza, nyumba baadaye, na kabla ya hiyo kila mtu atume jina kama lilivyo kwa kitambulisho. Si "Kevoh wa Burma." Nyumba nazo, kuna watu huiba picha za nyumba ya mwenyewe wanaweka Facebook na bei tamu. Lipa kupitia app ambayo inashikilia pesa mpaka ufike, ama tafuta mtu Ukunda aende aione na macho. Binamu ya mmoja wetu anaendesha boda huko, tumemtumia soo mbili ya mafuta na akatupigia video akiwa ndani ya hiyo jikoni. Friji inafanya. Kuna paka.

Shimo lingine ni letu wenyewe. Tukikataa ajenti, kuna mtu kwa mbogi atakuwa ajenti bila mshahara. Ndiye anashika pesa, ndiye anaamka usiku kununua tiketi, ndiye atalaumiwa AC ikikufa. Kwetu ni dada mmoja wa Block ya nyuma, yule hushika pesa ya chama, na hajawahi kupoteza hata kumi. Nimependekeza tumpunguzie: thao moja moja kutoka kwa sisi saba, kwa hivyo yeye atalipa 5,850 peke yake na sisi 13,850. Kuna watu wamenuna. Lakini hao hao walikuwa tayari kumpea mtu hawajawahi kuona 6,050 kila mmoja na wakamwambia asante.

Tunapiga kura Ijumaa. Mimi nimeshaingiza yangu, na kama upande wangu ukishinda, tiketi zinanunuliwa usiku huo huo, ile treni ya saa mbili asubuhi inayosimama Emali, Mtito na Voi, tufike mchana nyumba ikiwa tayari. Chumba cha chini hakina AC, na hicho kitaenda kwa mtu wa mwisho kutuma namba ya kitambulisho. Kevoh, tunakungoja.