Blackpool: mgeni anakuja, mwenyeji hajapona

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji wa Blackpool, kwenye pwani ya kaskazini magharibi mwa Uingereza, wageni wanakuja kwa mamilioni kila mwaka, lakini wakaaji wengi bado hawajapona.

Anayefika huko kwa mara ya kwanza hawezi kuliona tatizo hilo haraka. Mbele ya bahari kuna mnara wa mita 158, uliofunguliwa mwaka wa 1894 kwa kuiga ule wa Eiffel wa Paris. Kuna magati matatu ya starehe, la zamani zaidi likiwa la mwaka wa 1863. Watoto wanapanda punda kwenye mchanga, wazazi wanakula samaki na viazi vya kukaanga huku upepo wa baridi ukiwapiga. Hata punda wana siku yao ya kupumzika, Ijumaa.

Mji huu ulikuzwa na wafanyakazi. Reli ilifika mwaka wa 1846. Miji ya Lancashire yenye viwanda vya pamba ilikuwa ikifunga viwanda kwa zamu, kila mji na juma lake, na familia nzima zilipanda treni kwenda baharini. Kwa hiyo nyumba za wageni zilijaa miezi yote ya joto. Baadaye maonyesho ya taa za barabarani yakasaidia kurefusha msimu.

Kisha ndege za bei ya chini zikaanza kuwapeleka watu hao Uhispania, kwenye jua la uhakika. Viwanda vya pamba navyo vikafungwa. Nyumba nyingi za wageni ziligawanywa kuwa vyumba vidogo vya kupangisha, na maskini kutoka sehemu nyingine wakavifuata kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Takwimu za serikali za mwaka wa 2019 ziliiweka Blackpool kati ya wilaya maskini kuliko zote za England.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuvutia watalii zaidi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Watalii wapo, lakini kazi nyingi wanazoleta ni za msimu. Baridi ikifika, mshahara unakoma, kodi ya nyumba haikomi. Ikiwa pesa zinaishia kupamba upande wa bahari, bila kufika kwenye makazi bora, vituo vya afya na kazi za mwaka mzima, mnara utaendelea kung'aa na watu walio chini yake wataendelea kuugua.

Mgeni hana kosa. Aende, afurahi, alale kwenye nyumba ndogo ya wageni ili pesa yake ibaki mjini. Lakini atembee pia mitaa miwili nyuma ya bahari. Viongozi wa mji wa utalii wapimwe kwa hali ya mitaa hiyo, wageni wakisharudi kwao.