Kicheko Nacho Kipewe Kiti Chuoni

Liko kosa moja katika vyumba vyetu vya kusomea, nalo limekaa muda mrefu hata limevaa sura ya hekima. Kosa hilo ni kudhani kuwa maneno ya kuchekesha ni maganda, na ya kununa ndiyo kiini.

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Dodoma hufundishwa, na ni haki afundishwe, jinsi Mwalimu Nyerere alivyomtafsiri Shakespeare katika miaka ya 1960. Walakini akitaka kuandika juu ya Pwagu na Pwaguzi, wachekeshaji wawili waliosikika katika Redio Tanzania Dar es Salaam, yamkini ataulizwa: fasihi iko wapi hapo?

Fasihi inaanza katika majina yenyewe. Methali husema kuwa pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi hodari hukutana na aliye hodari kumpita. Jina la pili ni lile la kwanza lililoongezwa silabi moja, na kwa silabi hiyo mwenye jina amemzidi mwenziwe ujanja. Msikilizaji aliyeijua methali alikwisha kujua, kabla ya mchezo kuanza, kuwa hila itazaa hila. Huo si upuuzi. Ni ufundi wa lugha.

Wanaobisha wana hoja tatu. Ya kwanza ni kuwa michezo hiyo haikuandikwa. Lakini ngano na vitendawili havikuzaliwa katika karatasi, navyo tunavitahini kila mwaka. Ya pili ni kuwa ilikuwa mifupi. Methali je, ni ndefu? Tena ufupi wa redioni ni mgumu kuliko urefu wa jukwaani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Msikilizaji wa Mpwapwa au Manyoni alikuwa na sikio tu. Mchekeshaji hakuweza kuomba msaada wa kofia wala wa suruali pana. Alikuwa na sauti, kituo na kimya, na kwa hivyo vitatu ilimpasa ajenge nyumba, barabara na mtu mwenye tamaa.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: mzaha huchakaa pamoja na wakati wake. Ni kweli, lakini hiyo ndiyo sababu ya kuuhifadhi. Mwaka 1983 serikali ilipowasaka walanguzi na wahujumu uchumi, hotuba zilieleza sheria. Jinsi watu wa siku hizo walivyobembeleza, walivyodanganyana na walivyoogopana haitafutwi katika hotuba. Hutafutwa katika mazungumzo, na mchezo wa kuchekesha ni mazungumzo yaliyochujwa.

Wasomi wa nyanda hizi hawana udhuru hata kidogo. Mgogo na Mhehe ni watani, na mtani hutamka hata msibani neno ambalo ndugu hawezi kulitamka. Utani una mipaka, una haki na una wajibu. Ni elimu kamili ya kicheko. Mchekeshaji wa redio aliitwaa ruhusa ya mtani akaitumia mbele ya taifa zima. Nani afaaye kulieleza jambo hilo kuliko aliyelelewa katika utani?

Wenzetu hawakuona haya. Abbott na Costello walikuwa wachekeshaji wawili wa Marekani. Mchezo wao wa redioni wa 1938, unaocheza na majina ya wachezaji wa besiboli, uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya taifa ya sauti za kuhifadhiwa, chini ya Maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Ni watu wawili wasioelewana tu. Nchi yao ikasema hiyo ni mali yetu.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, nacho kina walimu na wanafunzi wa kutosha kazi hii. Shirika la Utangazaji Tanzania ni mrithi wa Redio Tanzania. Basi chuo kiende kwake, kiombe kanda zilizopo, kisikilize, kiandike maneno yake, kieleze misemo iliyofifia, kisha michezo iliyo bora itolewe katika albamu moja pamoja na kitabu chake. Wazee walioisikia wangali miongoni mwetu, nao waulizwe wakicheka. Kazi hiyo ikikosa mtu, tusije tukasema kesho kuwa Kiswahili hakikuwa na wachekeshaji. Tuseme kuwa kilikosa wasikilizaji katika vyuo vyake.