Kasoro za programu ya simu ni hasara ya mwenye hisa

Wawekezaji wengi wadogo husoma hesabu za mwaka za kampuni, hutazama faida, gawio na deni la benki, kisha hufunga kitabu. Ni wachache wanaosoma maelezo mafupi yanayotolewa kila mara programu ya simu ya kampuni hiyo inapotoka kwa toleo jipya. Kwa kawaida maelezo hayo ni mistari miwili tu: kuna jambo jipya hili na lile, na kasoro kadhaa zimerekebishwa. Hata hivyo, yaliyoipata kampuni ya Sonos ya Marekani tangu Mei 2024 yanaonyesha kwamba mistari hiyo miwili inaweza kuwa na uzito kuliko hotuba nzima ya mwenyekiti wa bodi.

Sonos, yenye makao yake Santa Barbara katika jimbo la California, hutengeneza spika za nyumbani zinazoendeshwa kwa programu ya simu. Hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la Nasdaq Agosti 2018 kwa bei ya dola 15 kila moja. Hadi mwisho wa mwaka wake wa fedha wa 2023, spika zake zilikuwa katika nyumba zaidi ya milioni 15. Sehemu kubwa ya mauzo yake hutokana na wateja wa zamani wanaorudi kununua spika ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa hiyo mtaji mkubwa wa kampuni hiyo haukuwa viwanda wala maghala. Ulikuwa ni imani ya mteja aliyekwisha kununua.

Mei 7, 2024 kampuni ilitoa programu mpya iliyoandikwa upya tangu msingi. Ilisifiwa na wenyewe kuwa nyepesi na ya kisasa. Wateja walipoifungua walikuta mambo waliyoyazoea hayapo. Saa ya kuamsha na ya kuzima muziki usiku haikuwapo. Kupanga foleni ya nyimbo hakukuwezekana kama zamani. Waliohifadhi muziki wao katika kompyuta za nyumbani walipata taabu kuufikia, na watu wasioona, ambao hutegemea simu iwasomee maandishi, walijikuta wamefungiwa mlango. Aidha, spika nyingine zilipotea kabisa katika programu, au zilichelewa kuitikia hata sauti ilipopunguzwa.

Tarehe za matukio zinajieleza zenyewe. Siku 14 baada ya programu hiyo kutoka, Sonos ilitangaza hedifoni zake za kwanza kwa bei ya dola 449, na ziliingia madukani Juni 5. Magazeti ya Marekani yaliripoti baadaye kwamba baadhi ya wafanyakazi walikuwa wameonya kuwa programu haijaiva. Mfanyabiashara yeyote anaelewa kilichotokea hapo: tarehe ya kuingiza bidhaa mpya sokoni ilipewa uzito kuliko hali ya bidhaa ambayo mteja alikwisha kuilipia. Wahenga walishaonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Hasara ilivyosambaa

Julai 25, 2024 Mkurugenzi Mtendaji, Patrick Spence, aliomba radhi hadharani. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba bidhaa mbili zilizokuwa tayari kutoka zitacheleweshwa, na kwamba kurekebisha programu kutagharimu kati ya dola milioni 20 na milioni 30 kwa muda mfupi. Mwezi huo huo wafanyakazi wapatao 100 waliachishwa kazi. Hisa, ambayo mwanzoni mwa Mei ilikuwa juu ya dola 15, ilishuka chini ya bei ile ya mwaka 2018. Aliyenunua siku ya kwanza na kukaa na hisa zake miaka sita alijikuta yuko nyuma ya pale alipoanzia.

Hesabu za mwaka wa fedha wa 2024 zilionyesha mapato ya dola bilioni 1.518, kutoka bilioni 1.655 mwaka uliotangulia. Hasara ilipanda kutoka dola milioni 10.3 hadi milioni 38.1. Si haki kusema kwamba anguko lote hilo lilisababishwa na programu, kwani soko la vifaa vya nyumbani lilikuwa limepoa hata kabla ya Mei. Lakini kampuni yenyewe ilikiri kwamba tatizo la programu liliathiri mauzo.

Januari 13, 2025 Spence aliondoka. Mkataba wake wa kuachia ngazi ulimpa dola 1,875,000. Februari 2025 wafanyakazi wengine wapatao 200 walipunguzwa. Hapa ndipo mwenye hisa ndogo anapopaswa kutafakari. Mkubwa aliyekuwa usukani alilipwa alipoondoka, wafanyakazi walipoteza ajira, na mwenye hisa akabaki na karatasi iliyopungua thamani bila ya kuulizwa lolote.

Ilikuwa vigumu kurudi nyuma

Wengi waliuliza kwa nini kampuni haikurudisha programu ya zamani. Jibu la Spence, Agosti 2024, lilikuwa kwamba jambo hilo limefikiriwa na kuonekana lingeleta matatizo zaidi, kwa kuwa mitambo inayohudumia programu pamoja na spika zenyewe vilikwisha kubadilishwa. Programu ya simu si kama shehena ya vitenge ambayo ikikataliwa sokoni hurudishwa ghalani. Toleo jipya likishaingia katika simu za mamilioni ya watu, na mitambo ya nyuma ikabadilishwa kulifuata, njia ya kurudi hufungwa.

Ndiyo maana wenye maduka ya programu waliweka utaratibu wa tahadhari. Apple humruhusu mtengenezaji kutoa toleo jipya kwa awamu katika siku saba: asilimia 1 ya watumiaji siku ya kwanza, kisha 2, 5, 10, 20, 50, na wote siku ya saba. Google nayo humruhusu kuchagua asilimia anayoitaka na kusimamisha zoezi akiona kasoro. Huduma hiyo haina malipo ya ziada, na kampuni inayoruka hatua hiyo kwa bidhaa inayotegemewa na mamilioni inacheza kamari kwa fedha za wenye hisa.

Mfano wa Snap

Wapo watakaosema kwamba funzo hapa ni kutobadilisha kitu. Hilo nalo ni kosa. Programu isiyofanyiwa marekebisho huoza polepole, na matoleo mengi hubeba dawa ya mianya ambayo wezi wa mitandaoni huipitia. Ubaya ni katika namna ya kubadilisha, na kampuni ya Snap, yenye programu ya Snapchat, imepita njia zote mbili.

Mapema mwaka 2018 Snap ilisambaza sura mpya ya programu yake kwa haraka. Zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka sura ya zamani irudishwe. Watumiaji wa kila siku walishuka kutoka milioni 191 katika robo ya kwanza ya mwaka hadi milioni 188 robo ya pili. Hisa iliyoingia sokoni Machi 2017 kwa dola 17 iliuzwa chini ya dola 5 Desemba 2018.

Wakati huo huo mafundi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wakiandika upya programu ya simu za Android. Hawakuharakishwa. Walijaribu kidogo kidogo kwa watu wachache, wakapima, na kuikamilisha mwaka 2019. Robo ya pili ya mwaka huo watumiaji wa kila siku walifika milioni 203, kutoka milioni 190 katika robo iliyotangulia. Vichekesho vipya vya kubadilisha sura katika picha vilichangia ongezeko hilo, lakini kampuni ilieleza kwamba programu mpya ya Android nayo ilikuwa na mchango wake. Ni kampuni moja, na uongozi ni ule ule. Kilichotofautiana ni mwendo.

Maswali ya mwekezaji

Suala hili si la Marekani peke yake. Katika masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi, baadhi ya hisa zinazojulikana zaidi ni za mabenki na kampuni za simu, na sehemu inayoongezeka ya biashara yao inapita katika programu za simu. Wafanyabiashara hawa wana akiba moja ambayo Sonos haikuwa nayo. Programu ikigoma, mteja bado anaweza kupiga namba za nyota na reli, au akaenda kwa wakala. Njia hizo za zamani huonekana kama mzigo wa gharama, na kila mwaka huwapo mtaalamu anayeshauri zipunguzwe. Mwenye hisa makini aziangalie kama bima. Uongozi unaotaka kuzifunga uulizwe kwanza kama programu imeshahimili siku ya mishahara na wiki ya sikukuu.

Katika mkutano mkuu wa mwaka yapo maswali mengine yasiyohitaji ufundi wa kompyuta. Je, toleo jipya hutolewa kwa awamu au kwa wote siku moja? Nani hupanga tarehe, mafundi au idara ya mauzo? Fundi anayesema kazi haijaiva, maneno yake humfikia nani? Na je, bonasi ya wakubwa hupungua huduma inaposimama? Swali hilo la mwisho si la utani. Oktoba 2024 Sonos yenyewe ilitangaza kwamba wakubwa wake hawatachukua bonasi ya mwaka hadi ubora wa programu urejee, ikaongeza dhamana ya spika kwa mwaka mmoja, na kuahidi kwamba mabadiliko makubwa yatatolewa polepole. Ahadi hizo zilikuwa nzuri, ila zilitolewa miezi mitano baada ya moto kuwaka. Zingekuwapo kabla ya Mei 7, pengine mamilioni mengi ya dola yangeokolewa.

Kwa mwenye mtaji mdogo kuna njia rahisi zaidi ya kufuatilia. Kabla ya kununua hisa ya kampuni inayoishi katika simu za wateja, afungue duka la programu na asome wateja wanasema nini chini ya matoleo matatu ya mwisho. Malalamiko ya mtu mmoja si kitu. Malalamiko yale yale yakirudi toleo baada ya toleo, huku kampuni ikiandika kwamba kasoro zimerekebishwa, hiyo ni taarifa ya soko, nayo hutoka kabla ya hesabu za robo mwaka kuchapishwa.