Tusimsahihishe Tshibumba

Mwaka 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu katika picha zipatazo 100. Zaire ilikuwa na chama kimoja, MPR, na historia ilikuwa na msimulizi mmoja, Mobutu. Tshibumba hakuwa msomi wa chuo. Alichora juu ya magunia ya unga, na wachoraji wa aina yake waliwauzia watu wa kawaida, wakazitundika picha hizo sebuleni.

Kupinga kwake hakukuwa kwa kelele. Huko Kyiv mwaka 1964, Alla Horska na wenzake waliweka chuoni dirisha la vioo vya rangi lenye sura ya mshairi Shevchenko, nalo likavunjwa kwa amri ya wakubwa kabla ya kuzinduliwa. Tshibumba alipita njia nyingine. Mwaka 1966 Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa, kwa hiyo kumchora hakukuwa kosa. Tshibumba akamchora maiti, na nyuma yake misalaba mitatu. Hapo mtazamaji hulazimika kujiuliza: kama huyu ni Yesu, Yuda ni nani? Aliyemkamata mwaka 1960 alikuwa jeshi la Mobutu.

Swali hilo halikuandikwa kwenye picha. Lilibaki mdomoni, kwa Kiswahili. Lubumbashi picha hizi ziliitwa ukumbusho, yaani kazi yake ni kumfanya mtu akumbuke na aseme. Tshibumba alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha moja baada ya nyingine, na maneno yake yakarekodiwa jinsi alivyoyasema, katika Kiswahili cha mjini, kinachosema «bantu banasema» bila kuomba ruhusa.

Hapa ndipo kitivo chetu kinaguswa. Kiswahili hicho tunakiita kibovu. Tunakifuta kwa kalamu nyekundu, kisha tunalalamika kwamba historia ya watu wadogo haipo. Mdhibiti wa serikali alitazama picha. Sisi tunadhibiti sauti iliyoieleza.

Mtaniambia kwamba Kiswahili sanifu kinatuunganisha na Dodoma na Nairobi. Ni kweli, na makala hii nimeiandika kwa sanifu. Lakini lugha ya kuandikia mtihani si lazima iwe kipimo cha ushahidi. Shahidi akisema «bantu», nasi tukaandika «watu», tumebadilisha aliyesema: si fundi wa mjini tena, ni mwalimu. Na pale anaporudia neno au kuchanganya Kifaransa, mara nyingi ndipo anapokaribia jambo la hatari.

Huku Kilembwe, na Fizi nzima hadi Baraka, wazee walioona vita vya 1964 wanapungua kila mwaka. Chini ya Mobutu upande wao haukuingia katika vitabu vya shule. Wanausimulia kwa Kibembe na kwa Kiswahili cha huku. Napendekeza jambo moja kwa walimu wetu: wanafunzi waruhusiwe kuandika tasnifu zenye masimulizi hayo neno kwa neno, sanifu ikae pembeni kama tafsiri, na alama zisikatwe kwa sababu ya «bantu».

Tangu miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo. Tulichobaki nacho ni picha zake na namna alivyosema.