Gari la Marehemu na Chupa ya Kuzuia Mvujo



Swali la juma hili limeletwa na dada aliyefiwa na mumewe, naye yungali edani. Marehemu ameacha deni dukani, nyumba ambayo haijaezekwa, na gari aina ya Mercedes 240D, lile la umbo la zamani lililotengenezwa baina ya miaka ya 1976 na 1985. Alilitunza gari hilo kama mtu atunzavyo mboni ya jicho lake. Amejitokeza mtu anayelitaka kwa bei nzuri, kwani magari haya siku hizi hutafutwa na wapenzi wa vitu vya kale. Tatizo ni kwamba injini inavuja oili, na kila asubuhi huonekana doa jipya sakafuni. Shemeji yake, kwa nia ya kusaidia, amemwendea fundi. Fundi ameshauri itiwe chupa moja ya dawa ya kuzuia mvujo wiki moja kabla ya mnunuzi kuja, injini ioshwe ing'are, na pasiwe na maneno mengine. Dada auliza kama jambo hili ni halali. Kisha aongeza kwamba katika watoto wake wanne watatu hawajabaleghe, na kila shilingi itakayopungua katika bei ni shilingi ya yatima.

Kabla ya kuhukumu, yatupasa tuijue dawa yenyewe. Ndani ya injini mna mahali vyuma viwili vinapokutana, na mahali mhimili unaozunguka unapotokeza nje. Penye vyuma vilivyotulia huwekwa gasketi, na penye mhimili huwekwa sili. Sili nyingi ni za mpira, na mpira ukikaa miaka mingi katika oili ya moto hukakamaa na kusinyaa, oili ikapata upenyo. Nyingi ya dawa hizi za chupa huwa na kemikali inayopenya katika mpira, ikaulainisha na kuufurisha kidogo, hata ukarudi kukibana chuma. Nyingine huifanya oili iwe nzito ili isipite upesi. Matokeo hayaonekani siku hiyo hiyo. Gari huendeshwa siku kadhaa kwanza.

Basi dawa hii si uchawi, wala si utapeli kwa dhati yake. Mwenye gari lake la zamani, lenye mvujo mdogo wa sili ya mpira, akiitia ili apate muhula wa kukusanya fedha za matengenezo, hana lawama. Huenda sili yenyewe ikawa ya bei ndogo, lakini kuifikia ile ya nyuma ya injini ni mpaka giaboksi ishushwe, na hapo ndipo gharama ilipo.

Lakini mipaka yake ni mingi kuliko maandishi ya chupani yanavyokiri. Haiponyi gasketi ya karatasi wala ya koki. Haiponyi mpira uliokwisha chanika, wala chuma kilicholika kikafanya mfuo. Na gari la dada yetu lina jambo la pekee ambalo fundi huyo ama hakulijua ama hakulisema: katika injini ya 240D, mhimili mkuu kwa upande wa nyuma hauzibwi kwa mpira, bali kwa kamba maalumu iliyoshindiliwa katika mfuo wake. Kamba haifuri kwa dawa ya mpira. Ikiwa oili inatoka hapo, chupa ile ni fedha iliyomwagwa. Nayo dawa ya kufurisha, ikizidi kipimo, huulegeza mpira uliokuwa ukifanya kazi yake, na mvujo mmoja ukawa miwili.

Fundi mwaminifu haanzi kwa chupa. Husafisha injini, akatandika boksi kavu chini yake usiku kucha, akatazama tone latoka wapi. Hukaza boliti zilizolegea. Hutazama bomba la kupumulia la injini, kwa sababu likiziba, hewa iliyojaa ndani huisukuma oili nje kupitia kila upenyo, na wenye gari wakailaumu sili isiyo na kosa. Kulisafisha bomba hilo ni kazi ya muda mfupi.

Kina mama mnaowapeleka watoto skuli kwa magari ya aina hii, shikeni mambo mawili. Pimeni oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa: vuteni kile kijiti, kifuteni, kirudisheni, kivuteni tena, na oili iwe baina ya alama mbili. Injini iliyokaukiwa na oili hujisaga yenyewe. Na chupa hii isitiwe kamwe katika kikopo cha breki. Mipira ya breki za magari mengi haipatani na oili ya injini wala dawa zake. Hufura kupita kiasi, na breki zikakataa. Mkisikia harufu ya oili inayoungua au mkaona moshi chini ya boneti, simameni na mzime injini, kwani oili inayodondokea bomba la moto la ekzosi yaweza kuwaka.

Na kwa kuwa swali hili huletwa kwangu mara kwa mara na mabinti wanaofua nguo za mafundi, nilijibu papa hapa. Oili ya gari ni uchafu, si najisi. Swala katika nguo yenye doa lake inasihi. Ila girisi nzito iliyofanya utando juu ya ngozi au chini ya kucha huyazuia maji ya udhu, na ni lazima iondolewe. Ikibaki rangi tu, au utelezi usio na kiwiliwili, na maji yakapita juu ya kiungo, udhu umetimia.

Sasa turudi kwenye biashara. Waarabu wa zamani, mtu alipotaka kuuza ngamia au mbuzi wa maziwa, humwacha siku kadhaa bila kumkama ili kiwele kijae. Mnunuzi hukiona kimevimba, akadhani hiyo ndiyo kawaida ya mnyama, akatoa bei ya juu. Siku zikipita hugundua kwamba alinunua kiwele cha siku moja. Jambo hili huitwa tasriya. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataza, na akampa mnunuzi hiari: akiridhika abaki na mnyama, na asiporidhika amrejeshe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Naona chupa inayotiwa wiki moja kabla ya mnunuzi kuja ni ndugu wa tasriya, baba mmoja mama mmoja. Kiwele hufuriswa kwa maziwa, na sili hufuriswa kwa kemikali.

Ni mashuhuri pia kisa cha rundo la chakula sokoni Madina, ambamo Mtume alitia mkono, vidole vikakuta umaji ndani. Mwenye mali akataja mvua. Mvua si kosa la mtu, na hakulaumiwa kwayo. Alilaumiwa kwa kuuficha umaji chini na kuweka kikavu juu. Vivyo hivyo, gari la miaka arubaini kuvuja si aibu kwa mjane wala kwa marehemu. Kosa lingekuwa ni kule kuosha na kunyamaza.

Wala fundi asidhani kwamba yeye si mshirika kwa kuwa hauzi. Wanazuoni wetu wamesema kwamba mtu wa kando anayeijua ila ya bidhaa naye pia yampasa amweleze mnunuzi. Shemeji yumo, fundi yumo, na dalali yumo. Wako wanaodhani kwamba kuandika katika hati kuwa gari limeuzwa "kama lilivyo" huwatoa katika dhima. Katika madhehebu yetu ya Shafii, sharti la kujivua na ila halimwokoi muuzaji wa kitu kama gari na ila iliyofichika, sembuse ile aliyoijua akaifunika kwa mkono wake.

Linabaki la mayatima, nalo ndilo zito. Dada anahofia kwamba akisema kweli ataipunguza mali yao. Hofu hii ni ya mama mwema, lakini hesabu yake itazamwe hadi mwisho. Mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla ya mauzo, ana haki ya kulirudisha gari na kudai fedha zake zote. Wakati huo fedha zimekwisha lipa deni la duka na karo za skuli. Zitatoka wapi? Zitatoka katika kilichobaki cha mayatima hao hao. Bei pungufu iliyo safi ni yao kweli. Bei kubwa iliyojengwa juu ya chupa ni amana ya mtu mwingine iliyokaa kwao kwa muda.

Tena, gari hili si la dada peke yake, wala si la shemeji. Baada ya deni kulipwa, na wasia kama upo, fungu la mke mwenye watoto ni thumuni. Mama na baba wa marehemu, wakiwa hai, kila mmoja ana sudusi. Kinachobaki ni cha watoto. Kwa madhehebu yetu, anayesimamia mali ya mtoto aliyefiwa na baba ni babu mzaa baba. Asipokuwapo, ni wasii aliyewekwa na marehemu. Na asipokuwapo, ni Kadhi. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kwa fundi. Mtu wa kuaminika wa familia aende mahakama ya Kadhi, msimamizi wa watoto ajulikane, ndipo mauzo yafanywe kwa idhini.

Kisha atafutwe fundi mwingine, asiyepata chochote kutokana na mauzo, aseme kwa maandishi oili inavuja wapi na matengenezo yatagharimu kiasi gani. Warithi wapime: ama watengeneze kwa mali ya urithi kisha wauze, ama wauze na mvujo wake. Mnunuzi anayejua magari haya hatashtuka kuambiwa kwamba linavuja. Hulitarajia, na huenda akaliuliza yeye mwenyewe kabla ya kuuliza bei. Ila iandikwe katika hati ya mauzo kwa maneno ya wazi, mnunuzi atie saini chini yake, na mashahidi wawili wawepo. Gari lisioshwe chini siku hiyo, wala doa la sakafuni lisifutwe mpaka aje alione.